Sidonia na Ndege wa Tivii

Mimi si mtu wa kushangazwa ovyo. Nimekuwa seremala tangu Dodoma ikiwa mji wa vumbi na reli, nikauona ukigeuka makao makuu, nikaona majengo ya wizara yakiota kule Mtumba mahali tulipokuwa tukikata kuni, na hakuna hata siku moja niliyobaki mdomo wazi. Kwa hiyo nikisema kuna siku nilishangaa mpaka mwili ukanisisimka, na kwamba kilichonishangaza ni mkono wa mama mmoja wa Haneti, naomba nisadikiwe.

Mama huyo anaitwa Sidonia. Wengi humwita Mama Elisha, kwa jina la mwanawe wa pekee, ambaye ni dereva wa wizara mojawapo huko Mtumba. Mimi na yeye tulikutana kwenye chumba cha mazoezi cha hospitali, mahali wanapopelekwa watu waliopatwa na kiharusi. Mimi kilinipitia mguu wa kushoto. Yeye kilimchukua mkono wa kulia, wote, kuanzia bega mpaka ncha za vidole. Tuliwekwa benchi moja kusubiri zamu, na kwa kuwa zamu ilikuwa ikichelewa kila siku, tukawa marafiki kwa lazima.

Alianza kunitania tangu alipojua kwamba mimi ni Msandawe wa Chemba. Alisema lugha yetu ya kugongesha ulimi ndiyo iliyonichosha mishipa ya kichwa mpaka nikaanguka. Nami nikamwambia wao, Wagogo, huanguka kwa kushiba mlenda. Muuguzi mmoja mgeni alidhani tunagombana, akaja kutuamua.

Maisha yake yote yalikuwa shamba moja la uwele, chini ya kilima, nje kidogo ya kijiji. Alizaliwa karibu na shamba hilo, akaolewa jirani nalo, na mumewe alipofariki Elisha angali ananyonya, alilibeba peke yake. Ukimsikiliza utadhani kulima kwenyewe hakukuwa kitu. Kazi aliyoihesabu kuwa kazi ni kuamia ndege.

Anayejua uwele anajua kwelea kwelea. Ni ndege mdogo, hajazi kiganja, lakini haji mmoja. Wanakuja wingu zima, wanatua, na shamba likikosa mtu asubuhi moja tu, mwenyewe atavuna mabua. Ndiyo maana katikati ya shamba hujengwa dungu, jukwaa la miti lenye ngazi, na juu yake hukaa mtu kuanzia kunapopambazuka mpaka ndege waende kulala, akipiga kelele na kurusha mawe kwa kombeo. Sidonia alipandishwa dungu tangu akiwa mtoto wa kushikwa mkono. Kijijini kwake walikuwa wakisema kwamba kombeo lake lilidondosha jiwe katikati ya kundi bila kuvunja suke hata moja. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba hata pale hospitalini, kivuli cha kunguru kikipita dirishani, maneno yalimkatikia mdomoni na macho yakaenda juu.

Sasa mkono wa kombeo ulikuwa umelala mapajani mwake. Aliuita mgeni. Aliuzungumzia hivyo kila siku bila kucheka. "Mgeni wangu leo ameamka vibaya," angeniambia. Au, "Huyu mgeni anaogeshwa, anavalishwa, anapakwa mafuta, kazi hafanyi, na haoni haya."

Elisha si mtoto mbaya, hilo nataka lijulikane. Alimtoa mama yake Haneti akamleta nyumbani kwake Ihumwa, akampa chumba chenye vigae na kitanda chenye chandarua kipya. Lakini alisema jambo moja, na alilisema mbele yangu, siku aliyokuja kumchukua mvua za kwanza zilipoanza.

"Mama, baba mdogo amekubali kupanda uwele wako mwaka huu. Lakini uwele ukianza kutia punje, na mkono bado haujainuka, hurudi Haneti. Utabaki kwangu moja kwa moja, na shamba tutamwachia yeye."

"Haya," Sidonia alijibu.

Alipenda sana kusema "haya". Ila niliuona uso wake, na siku iliyofuata hakunitania hata kidogo. Baadaye akaniambia hakuna kibaya nyumbani kwa Elisha. Chakula kipo, maji yapo, mkwe ana adabu. "Kilichokosekana ni sababu ya kuamka, fundi," alisema, na mimi nikajifanya natafuta fimbo yangu kwa sababu machozi yalinijia.

Mtaalamu wetu wa mazoezi aliitwa Anitha, dada mwembamba mwenye subira iliyoniudhi, maana mimi sina. Kila zamu alipiga magoti mbele ya Sidonia na kusema kwa upole, "Bibi, tuinue mkono." Sidonia aliutazama mkono. Aliutazama kwa nguvu zake zote, jasho likamtoka kwenye paji la uso, bega likapanda kidogo, na mkono ukabaki palepale. Anitha alileta kamba na kapi, akaleta fimbo, akaleta mpira wa plastiki wa kubana. Mgeni hakutikisika. Ilikuwa hivyo tangu majira ya baridi, upepo ukapita, mvua zikaja, na sasa huko Haneti uwele ulikuwa unachipua bila mwenyewe.

Kisha siku moja tukakuta tivii kubwa ukutani.

Chini yake alikaa binti anaitwa Gladness, kompyuta ikiwa mapajani. Alisomea mambo hayo ya kompyuta chuoni, na yeye na Anitha walikuwa wamekaa pamoja miezi mingi wakitengeneza gemu za wagonjwa. Juu ya tivii palikuwa na kamera. Ukikaa mbele yake, ilikuona na kukuchukua mzimamzima ikakuweka ndani ya picha, ukajiona umo. Hushiki kitu chochote. Unajongeza mkono au mguu wako halisi, na yule wewe wa kwenye tivii naye anajongeza wake.

Nilikasirika. Nilisema kwa sauti, ili hata wa mwisho kwenye benchi asikie, kwamba nimekuja kutibiwa, sikuja kucheza, na kwamba michezo ya namna hiyo wajukuu zangu huipigia kelele sebuleni mpaka nafukuza watu.

"Cheza kwanza, mzee," Anitha alisema. "Ukimaliza utanitukana."

Gemu langu lilikuwa la kupiga penalti. Nilitakiwa kuinua mguu wangu mbovu na kuupeleka mbele, na mpira wa kwenye picha ungekwenda golini. Yule kipa alikuwa na dharau. Kila mpira wangu ulipomfikia aliudaka, akauweka chini na kujipangusa magoti. Nikapiga tena, na tena, nikisahau kwamba goti linauma, na nilipokuja kusimamishwa nilikuwa nimelowa jasho na bado sijamfunga. Sikumtukana Anitha. Nilimwuliza kesho tivii itawashwa saa ngapi.

Ndipo ikawa zamu ya Sidonia.

Lake lilikuwa bustani. Kulikuwa na mimea yenye vichwa vya maua marefu, na ndege wa rangi rangi walikuja kutua juu yake. Mchezaji alitakiwa kunyoosha mkono polepole na kumgusa ndege. Akiguswa, ndege anaimba na kuingia kwenye kiota, nawe unapata pointi. Gladness alimweleza yote hayo vizuri. Sidonia alikaa kwenye kiti akijitazama ndani ya bustani ya watu, mkono wa kulia umelala mapajani, akasikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Akauliza swali moja.

"Hawa ndege wanakula nini?"

"Wanakula mbegu, bibi."

"Mbegu za nani?"

Gladness akacheka. "Za kwako, bibi. Bustani ni ya kwako."

Binti wa watu alisema hivyo kwa wema tu. Hakujua amesema nini, nami pia sikujua. Akabonyeza, ndege wa kwanza akashuka, akatua juu ya ua na kuanza kudonoa.

"Hooo," Sidonia alisema.

Haikuwa sauti ya hospitali. Ilikuwa sauti ya kuvuka shamba, na wagonjwa wote tuligeuka. Ndege wa pili akatua, na wa tatu. Sidonia akajisogeza mbele, macho yamemtoka, akapaza sauti tena, na mkono wake wa kulia ukaondoka mapajani. Ulipanda umepinda, ukapita kifua, ukapita sikio, ukazunguka juu ya kichwa kama anayerusha kombeo, ukaanguka.

Ndege wa kwenye tivii hawakujali, waliendelea kudonoa. Sauti tamu ikasema, "Pole, hujapata pointi. Jaribu tena."

Mimi mjinga nikacheka. Nilidhani kichekesho ni kwamba mama mzima ameambiwa akusanye ndege naye anawafukuza. Nikamgeukia Anitha tucheke wote, nikamkuta amesimama, mkono wake umeziba mdomo, na macho yake hayako kwenye tivii. Nikayafuata. Mkono wa Sidonia ulikuwa unapanda tena. Ulipita kichwa, ukakaa huko juu kitambo, wazi kabisa, mbele ya watu wote, kisha ukashuka.

"Bibi," Anitha alisema taratibu sana. "Umeona?"

"Nimeona. Hawana woga kabisa hawa."

"Siyo ndege, bibi. Mkono."

Sidonia akatazama mapajani, mahali mkono uliporudi kulala. Akaugusa kwa ule wa kushoto. Akatutazama sisi kwenye benchi, mmoja mmoja, kama anayemtafuta aliyemfanyia mchezo.

"Nani kauinua?" akauliza.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Kondoa ambaye alikuwa hajawahi kunyamaza tangu nimjue, naye alinyamaza. Mimi vinyweleo vilinisimama. Kazi yangu yote ni mikono, nimefundisha vijana kushika randa na msumeno, nilidhani nakijua kitu kinachoitwa mkono. Pale niliona kwamba sikijui. Niliogopa kidogo, na wala sioni aibu kusema, ule woga mzuri unaompata mtu akisimama karibu na jambo kubwa kuliko yeye.

Anitha alizima tivii. "Bibi, inua mkono." Hakuna kitu. Akaiwasha, ndege wakatua, na mkono ukapanda. Akaizima tena, mkono ukalala. Alirudia mpaka mwenyewe akakaa chini sakafuni na kujifuta macho kwa kiwiko cha koti lake jeupe.

Nilimdaka mlangoni anieleze. Alisema kiharusi kimeharibu ile njia ambayo ubongo wa Sidonia huitumia kuuamuru mkono, ndiyo maana akiambiwa ainue, amri haifiki. Lakini kuna jambo ambalo mkono huo umelifanya tangu utotoni bila kuamriwa, na jambo hilo huenda lina njia yake ya pembeni, kama njia ya ng'ombe inayozunguka daraja lililovunjika. Wakiipita njia hiyo kila siku, pengine itapanuka. Akasema pengine mara nyingi, na akanionya nisimwahidi bibi kitu. Nilimheshimu sana kwa kusema pengine.

Wiki iliyofuata Gladness alikuja na gemu jipya. Maua alikuwa ameyang'oa, akapanda uwele. Kiota hakikuwepo. Sasa mkono ukipanda juu ya bega ndege walikimbia, na pointi zilitoka kwenye masuke yaliyobaki salama. Alikuwa na fahari nalo, na alistahili. Sidonia aliwafukuza wote, kisha akamgeukia.

"Mwanangu, hawa wanakuja mmoja mmoja. Ni ndege wa wapi hawa, wa harusini?"

Gladness hakununa. Alivuta kiti akamwomba amweleze, na Sidonia akamweleza: wanavyokuja, wanavyogeuka hewani wote kwa pamoja, wanavyojifanya wameondoka kumbe wamerukia upande wa pili. Binti akaandika kwenye kompyuta yake, na zamu nyingine wingu likaja. Lilipotanda kwenye tivii kwa mara ya kwanza, wazee wote kwenye benchi, Wagogo, Warangi na mimi, tulitoa sauti pasipo kupanga, na mikono iliyoweza kuinuka iliinuka. Anitha alitutazama akacheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyelalamikia foleni.

Palitokea taabu moja tu. Muda wa Sidonia ukiisha, alikataa kuondoka. Anitha alimwambia inatosha, naye alijibu kwa adabu kwamba hawezi kuacha shamba na ndege wamo. Hilo halikuwa ukaidi. Kwetu sote tuliolelewa shambani, mtu hashuki dungu mpaka ndege waende kulala, na anayeshuka kabla ya hapo husemwa mpaka mavuno yajayo. Ukimzimia tivii, siku nzima alikuwa na wasiwasi, akiuliza wale wa upande wa kulia waliishia wapi. Anitha akamweleza Gladness, na Gladness akaweka jioni ndani ya gemu. Muda ukikaribia kwisha, jua kwenye picha lilishuka, mbingu ikawa nyekundu, na wingu lote likakusanyika na kwenda zake kwenye miti ya miiba ya mbali. Hapo Sidonia aliketi vizuri, akavuta pumzi, akasema, "Haya, tumeshinda nao." Akasimama mwenyewe, akaniachia kiti.

Njia ya ng'ombe ikapanuka, lakini polepole. Ilifika wakati ambapo hata bila tivii, akiambiwa ainue, mkono ulikuja mpaka kwenye kitovu, siku njema mpaka kifuani. Vidole havikufunga. Alipopewa kamba ashike kama kombeo, ilimponyoka. Na mvua zilikuwa zinakatika.

Elisha alikuja mwenyewe siku baba yake mdogo alipopiga simu kusema punje zimeanza kutia maziwa. Alikuwa na sare ya kazi, funguo za gari mkononi. Kama bahati mbaya, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na tivii ilikuwa kioo cheusi. Alitusalimia wazee shikamoo, akachuchumaa mbele ya mama yake.

"Mama, niinulie mkono nione."

Sidonia aliutazama mkono. Ukaja kwenye kitovu, ukatetemeka, ukaja kifuani, ukaishia hapo. Alijaribu tena, na safari hii haukufika hata kifuani, maana aliogopa.

"Nilikutumia video," Anitha alisema. "Uliona anavyouinua mbele ya ndege."

"Nimeiona, dada. Nimemwonyesha kila mtu ofisini." Elisha alijipangusa uso. Aliumia, aliyetazama aliona. "Lakini mama akikaa juu ya dungu siwezi kumpelekea tivii. Kule shambani hakuna tivii."

"Shambani kuna ndege," Sidonia alisema.

Alisema bila kupaza sauti. Elisha akamtazama mama yake, akasema Jumamosi hana safari ya kikazi. Nikasema na mimi nakwenda. Elisha alipoanza kueleza kwamba gari ni dogo, nikamwambia nitakaa nyuma na sitakula njiani.

Tulifika Haneti jua limeanza kulegea. Sijui ni lini mara ya mwisho niliona uwele uliosimama vile, masuke marefu kama mkono wa mtoto, shamba lote likipumua. Juu ya dungu alikuwa Sila, yule baba mdogo wa Elisha, shemeji yake Sidonia, sauti imemkauka kwa kukemea ndege tangu alfajiri. Alishuka, akamwamkia shemejiye kwa Kigogo, "Mbukwenyi," naye akaitikia huku akiwa ameshamwacha na kuingia kwenye uwele. Alivunja suke, akatafuna punje, akaitikia kwa kichwa kwamba kweli zimetia maziwa.

Mimi niliikagua ngazi. Nisamehewe, ni maradhi ya kazi. Ngazi ile ilifungwa na mtu ambaye hakumpenda atakayeipanda. Nilimwambia Elisha asikubali, naye alikuwa ameshakataa kabla yangu, lakini Sidonia alikuwa ameshika mti wa kwanza kwa mkono wa kushoto na mguu wake umeshapanda. Elisha akamfuata nyuma, amemkinga kwa mabega. Walipofika juu nilijikuta nimeshika fimbo kwa mikono miwili.

Sidonia alikaa. Mgeni alilala mapajani mwake kama siku zote. Kombeo la katani lilining'inia kwenye nguzo, naye hakuligusa.

Mbingu ilikuwa tupu. Tulingoja. Elisha, ambaye alikuwa ameshuka kusimama nasi, alitazama saa yake, akatazama barabara. Sila akasema leo wamekuja mara nyingi, huenda wameshiba. Nimewachukia kwelea kwelea tangu utoto wangu Chemba, na jioni ile nilijikuta nawaombea waje, wezi wale, waje wale.

Wakaja. Walitokea upande wa miiba, kwanza doa, kisha wingu, wakageuka hewani wote kwa pamoja kama alivyomweleza Gladness, wakatua. Shamba lote likaanza kutoa ile sauti ya midomo midogo isiyohesabika inayopasua punje.

"Hooo," Sidonia alisema.

Mkono haukutikisika. Baadhi ya ndege waliruka, wakatua tena karibu. Elisha aliinamisha kichwa. Sidonia akavuta pumzi, akasimama kabisa juu ya lile jukwaa bovu, akaita kwa sauti iliyogonga kilima na kurudi, na mkono wa kulia ukaondoka ubavuni. Ukapita bega, ukapita kichwa, ukanyooka juu mbinguni wote, kiganja wazi, na ndege wote wa shamba zima wakainuka kwa mara moja.

Wale wa tivii walikuwa picha, na bado walinisimamisha vinyweleo. Hawa walikuwa hai. Walipita juu yetu na upepo wa mabawa yao ukatikisa nguo zangu, jua likafifia, likarudi, na pale katikati mama mmoja amesimama, mkono juu, akiwatazama wanavyokwenda. Elisha alivua kofia yake ya kazi. Sila alisema kitu kwa Kigogo ambacho sikukielewa na sikuhitaji kukielewa. Mimi nililia, basi. Mzee mzima, na fimbo yangu.

Walirudi mara kadhaa, kwa kuwa kwelea kwelea hawana aibu. Kila mara mkono ulipanda. Kona ya mbali sauti yake haikufika vizuri, na vidole vyake visingeweza kushika kombeo, kwa hiyo Elisha alipanda, akalitungua kwenye nguzo, akashuka na kwenda kurusha mwenyewe. Jiwe la kwanza lilianguka nyuma yake.

"Hiyo ndiyo serikali inakufundisha?" mama yake aliuliza kutoka juu.

Elisha alicheka, na la pili likafika. Alipochoka alikuja akakaa kwenye ardhi karibu yangu, suruali ya kazi imejaa vumbi. Hakusema habari ya kukubali wala kukataa. Alimgeukia Sila akamwuliza kama nyumba ya mama bado inavuja upande wa jikoni, na kama shangazi Joha anaweza kuja kulala naye mpaka mavuno yaishe. Sila akasema atakuja. Nami nikasema hiyo ngazi naitengeneza upya mimi, na mtu asinibishie.

Jua lilipozama, wingu lilikusanyika na kwenda kulala kwenye miiba. Sidonia alilisindikiza kwa macho mpaka ndege wa mwisho.

"Haya, tumeshinda nao," alisema.

Akaanza kushuka. Elisha alikimbilia chini ya ngazi akainua mikono kumpokea. Mkono wa kushoto wa Sidonia ulikuwa umebeba masuke aliyoyavunja kando ya dungu kwa ajili ya mkwe wake Ihumwa, na mimi, niliyekuwa nikiitazama ile ngazi kwa wasiwasi wa fundi, niliona anavyojishikilia. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja kwenye mti wa ngazi. Vikaachia, vikashika mti wa chini yake. Hapakuwa na ndege. Hapakuwa na mtu aliyeviamuru.

Elisha hakuona. Alimshika mama yake kiuno, akamweka chini salama, akayapokea masuke.

"Twende ukakae, mama," alisema. "Mgeni wako leo amefanya kazi sana, amechoka."

Sidonia aligeuka akaitazama njia inayotoka barabarani, aone ni nani amekuja.

"Mgeni yupi?" akauliza.